Sakafu ya Daladala Inapolainika: Chanzo na Matengenezo Yake

Abiria apandaye daladala ya zamani huweza kuhisi sakafu ikibonyea chini ya unyayo wake, hasa karibu na mlango na katika njia iliyo kati ya viti. Wengi huuona huo kuwa uchakavu wa kawaida. Sivyo. Pale viti vinapotegemea ubao huo, ukioza bolti hukosa pa kushika, na gari linapofunga breki ghafla kiti huweza kung'oka pamoja na aliyekikalia. Ubao ukitoboka, moshi wa injini nao hupata njia ya kuingia ndani.

Sakafu hizo aghalabu ni za plaiwudi iliyolazwa juu ya fremu ya chuma. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizobandikwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikingamana na za jirani yake. Maji yakipenya kwenye kingo au matundu ya skrubu, tabaka huvimba, gundi huachia, na ubao hupoteza ugumu wake. Kisha hufuata kuvu, ambayo hustawi unyevu wa mti unapozidi takribani asilimia 20.

Kwa hiyo fundi hutafuta kwanza maji yanakoingia: mpira wa mlango, kingo za madirisha, paa, au matope yanayorushwa na magurudumu. Desturi ya kuosha gari ndani kwa ndoo, ambayo makondakta wengi huiona kuwa usafi wa hali ya juu, nayo ina lawama yake.

Baada ya hapo zulia la plastiki huondolewa lote. Ubao hugongwa kwa mpini wa nyundo. Mzima hutoa sauti kavu, ulioachana hutoa sauti butu. Bisibisi ikizama bila kushurutishwa, hapo pameoza. Sehemu ndogo iliyoachana lakini ikiwa kavu na haijaoza huweza kutobolewa matundu madogo, ikajazwa gundi ya epoksi nyepesi na kuwekewa uzito mpaka ikauke. Mti uliooza hauponi kwa gundi yoyote. Hukatwa mpaka kwenye mti mkavu, na maungio ya kipande kipya lazima yakae juu ya chuma cha fremu, yasining'inie hewani.

Kutu husuguliwa na chuma hupakwa rangi ya kuizuia. Ikihitajika kuchomelea, betri hufunguliwa, na mbao, mazulia pamoja na mipira ya mafuta huwekwa mbali na cheche.

Kipande kipya kiwe plaiwudi yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji, unene uleule wa zamani, kipakwe rangi pande zote mbili, na zaidi kwenye kingo na ndani ya kila tundu. Bolti za viti zishike chuma, si ubao mtupu.

Wapo wamiliki wanaofunika ubao uliooza kwa bati au plaiwudi nyingine. Gharama ni ndogo siku hiyo, lakini unyevu hubaki umefungiwa, uozo huendelea, na mkaguzi wa gari haoni kitu.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya matengenezo ikipita, mwenye gari anyanyue ukingo wa zulia karibu na mlango, apapase ubao kwa mkono. Ukiwa na majimaji, mwanya wa kwanza haujazibwa.