Kutembea kwa Magongo: Uzito Mikononi, Si Kwapani



Mtu huteleza kwenye sakafu yenye maji katika kiwanda cha maziwa mjini Mbarara, au huanguka na mkungu wa matoke begani huko Bwizibwera. Hurudi nyumbani na plasta mguuni na magongo mawili, wala hajafundishwa kuyatumia. Hapo huumia mara ya pili. Somo letu ni la kuzuia jambo hilo.

1. Kipimo. Simama wima ukiwa na kiatu. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mkono ukining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Magongo ya kuazima yarekebishwe kwanza.

2. Uzito. Ubebwe na viganja. Anayejilaza kwapani hubana mishipa ya fahamu. Mkono hufa ganzi, na kiganja huweza kulegea kisiinuke. Aliyeumia mguu asije akapoteza na mkono anaoufanyia kazi.

3. Mwendo. Muulize daktari: mguu usikanyage kabisa, au ukanyage kidogo? Tanguliza magongo hatua fupi pamoja na mguu mgonjwa, kisha leta mguu mzima. Mizigo iwe katika mfuko wa mgongoni, si mkononi.

4. Ngazi. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia magongo na mguu mgonjwa.

5. Matope. Wakati wa mvua udongo wetu huteleza kama sabuni. Mpira wa chini ya gongo ukilika, weka mwingine. Ufute matope kabla ya kuingia penye saruji.

Vidole vya mguu vikiwa baridi au vikibadilika rangi, maumivu yakizidi ndani ya plasta, shavu la mguu likivimba, au pumzi ikikata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi hutupa magongo mapema kwa kuogopa kukosa mshahara. Ndugu, mfupa haujui tarehe ya mshahara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini. Hata ajali ya njiani, ukienda kazini au ukitoka moja kwa moja, inahesabiwa. Lakini mwajiri apewe taarifa mapema, isipite mwezi mmoja. Asiyeweza kutembea amtume mwakilishi wa tawi, na nakala ya barua ihifadhiwe.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kwa nini gongo lisiguse kwapa?
(b) Ni mguu upi hutangulia wakati wa kushuka ngazi?
(c) Katika kazi yetu, ni sehemu gani watu huteleza, na nani atamweleza msimamizi wiki hii?

Swali la tatu ndilo kubwa. Sakafu ikikaushwa, magongo hayatahitajika.