Puli ya Pampu ya Usukani Haipigwi Nyundo

Ukisimama kando ya barabara kuu hapa Webuye, karibu na njia panda ya kwenda Kitale, utaona magari ya kila aina: malori ya kwenda Malaba, matatu za Bungoma na pikapu zilizojaa mahindi. Mengi ya magari hayo dereva wake hageuzi magurudumu kwa nguvu za mikono peke yake, bali husaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Katika makala hii nataka kueleza kitu kimoja tu cha mtambo huo, nacho ni puli ya pampu na namna ya kuifunga. Ni kitu kidogo, lakini kwenye vibanda vya jua kali huharibiwa mno.

Kwanza jina lake. Sisi wa chama cha Kiswahili tunafunzwa kusema kapi au roda. Haya ni maneno ya mabaharia wa pwani, waliopitisha kamba kwenye gurudumu lenye mfuo ili kupandisha tanga. Lakini nenda gereji ukaitishe kapi, utaulizwa kama unafuga kuku! Kwa hivyo hapa nitasema puli, kama mafundi.

Usukani wa kusaidiwa na mafuta si jambo la jana. Mmarekani Francis Davis, aliyekuwa mhandisi, alionyesha gari lenye usukani huo mwaka 1926, ingawa gari la kwanza la abiria kuuzwa nao madukani lilikuwa la Chrysler, mwaka 1951. Injini huzungusha fenibelti, fenibelti huzungusha puli, nayo puli huzungusha shafti ya pampu. Ndani ya pampu mna vibapa vyembamba vya chuma vinavyosukuma mafuta. Shinikizo laweza kupita psi 1,000, na mjue tairi ya gari dogo huwa na kama psi 30 tu. Ili pampu ifikishe nguvu hiyo bila kuvujisha, nafasi baina ya vyuma vyake vya ndani ni ndogo sana. Liwekeni hilo akilini.

Puli hufungwa kwa namna mbalimbali. Pampu nyingi za Toyota zina nati mbele na kikabari kidogo kinachozuia puli isiteleze. Hizo hazina taabu. Zenye taabu ni zile ambazo puli hukazwa kwenye shafti kwa kubana tu, bila nati wala kabari. Pampu nyingi za Saginaw, zilizotengenezwa na General Motors huko Michigan, ni za jinsi hiyo. Tundu la puli ni dogo kuliko shafti kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kule kubanana ndiko kunakoishika. (Vigari vipya vidogo vingi vina usukani wa umeme, havina pampu kabisa. Hivyo tuviache.)

Jeep Cherokee ya zamani ina pampu ya Saginaw, na moja ililetwa kwa mjomba wangu kutoka upande wa Kitale. Mwenyewe alikuwa amenunua pampu mara mbili kwa miezi miwili. Pampu ilikuwa inalia kama ndama, na fenibelti imelika upande mmoja. Khocha, maana huku kwetu mjomba tunamwita hivyo, aliangalia puli akaona alama za nyundo.

"Ona hii," akaniambia. "Walipiga. Hii kitu haipigwi, kijana. Ukipiga hapa mbele, inaumia kule ndani."

Ndivyo ilivyo. Shafti haiishii kwenye puli, imepita hadi katikati ya pampu. Kila pigo husafiri nayo hadi kwenye vibapa na sahani ya nyuma, na zile nafasi ndogo nilizotaja huharibika. Wengine huona afadhali waipashe puli moto kwa gesi ili itanuke. Joto hilo likifika kwenye sili ya mpira, mafuta yataanza kuvuja, na hapo umeshatupa pampu nzuri.

Hatari yenyewe ni hii. Katika Jeep ile fenibelti moja ndefu huzungusha pia pampu ya maji na jenereta ya umeme. Puli ikikaa kombo, fenibelti hulika hadi ikatike au kuruka. Injini itachemka, betri haitachajiwa, na usukani utakuwa mzito ghafla. Gari bado hugeuka, lakini dereva aliyezoea kuzungusha kwa vidole viwili atashtuka. Sasa fikiria ashtuke katikati ya kona, na trela la Uganda liko mbele yake.

Khocha alifanya kazi kiwandani Pan Paper mpaka kilipofungwa mwaka 2009, na huko alijifunza kuvuta na kusukuma beringi pasipo kuzigonga. Kifaa maalum hana. Alitafuta bolti ndefu ngumu, nati yake, washa nene na beringi kuukuu ya kubeba uzito. Katikati ya shafti mna tundu lenye nyuzi, na katika pampu hizi za zamani za GM ni nyuzi za inchi 3/8. Usijaribu bolti ya milimita, utaharibu tundu na kazi itaishia hapo.

Alisafisha shafti, akatia tone la mafuta, akaiweka puli mdomoni pa shafti ikiwa imenyooka. Kisha akapitisha bolti, iliyokuwa tayari na nati, washa na beringi, akaikaza ndani ya shafti hadi mwisho. Hapa wengi hukosea, maana bolti ikishikwa na nyuzi mbili tatu, zitang'oka. Halafu spana moja hushika kichwa cha bolti kisizunguke, na ya pili hukaza nati. Beringi inazunguka, puli inaingia polepole, pampu haisikii pigo lolote.

Wanafizikia mtapenda hesabu yake. Bolti hiyo ina nyuzi 16 kwa inchi, yaani nati ikizunguka mara moja puli husogea kama milimita 1.6. Ukishika spana sentimita 20 kutoka katikati, mkono wako umesafiri milimita 1,256. Gawanya, utapata 785. Msuguano utakula sehemu kubwa ya hiyo, sawa, lakini kinachobaki chatosha kabisa.

Unaacha kukaza wakati uso wa kitovu cha puli na ncha ya shafti viko usawa mmoja. Khocha hupitisha ukucha hapo, kisha huweka rula ya chuma kutoka puli hii hadi ya jirani aone kama ziko mstari mmoja.

Mwisho ni kutoa hewa. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uweke vigingi, jaza mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari, na injini ikiwa imezimwa zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara nyingi, huku ukiongeza mafuta yanaposhuka. Ukiona povu, ngoja litulie kabla ya kuwasha. Jeep ile tulizungusha usukani wake mara 20 na zaidi ndipo mapovu yakaisha.