Utata wa Kirai "Rangi ya Maji" katika Maelezo ya Picha za Mito

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza utata wa kirai *rangi ya maji* kinapotumiwa kueleza picha za mandhari ya mito. Picha iliyoteuliwa kuwa mfano ni *The White House at Chelsea*, iliyochorwa mwaka 1800 na Mwingereza Thomas Girtin (1775-1802), na ambayo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate, London. Picha hiyo ya kipindi cha ulimbwende inaonyesha mto Thames mwanga wa siku unapofifia. Anga na maji vimetulia katika rangi hafifu, na katikati ya utulivu huo nyumba moja nyeupe ya kando ya mto inang'aa na kuakisiwa majini.

Mifano ya sentensi imejengwa juu ya mazingira ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Msafiri atokaye Handeni kwenda Korogwe huvuka mto Pangani, na karibu na Korogwe mto huo hupokea maji ya Luengera. Msemaji wa Kiswahili wa huko anazo tayari maana mbili za *rangi ya maji* kabla hajakutana na ile ya jumba la sanaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utata huo hautokani na uhaba wa msamiati, bali na kufanana kwa viambishi vya ngeli, na kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe ina nyenzo ya kuuondoa.

2.0 Maana Tatu za Kirai

Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) Rangi ya maji ya Pangani hubadilika wakati wa masika.
(2) Ukuta wa darasa umepakwa rangi ya maji, na mlango rangi ya mafuta.
(3) Girtin alichora mto kwa rangi ya maji.

Katika (1), *maji* ndiyo yenye sifa inayotajwa. Rangi ni yao. Katika (2) na (3), *maji* ni kiyeyusho, na *rangi* ni dutu inayopakwa. Hata hivyo, dutu hizo mbili hazifanani kwa kazi. Rangi ya ukutani hukusudiwa kufunika kilicho chini yake. Rangi ya mchoraji husagwa ikawa unga laini, ikachanganywa na gundi ya miti ya jamii ya migunga, kisha ikapakwa kwa wepesi ili mwanga upenye hadi kwenye karatasi. Katika mbinu hiyo, weupe kwa kawaida hupatikana kwa kuiacha karatasi bila kuipaka. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeisoma sentensi (3) kwa maana ya (2) hakosei neno moja tu. Anaielewa mbinu nzima kinyume chake. Atadhani nyumba nyeupe ya picha ya namna hii imepakwa chokaa juu ya karatasi, ilhali ubingwa wa mchoraji wa rangi za maji uko pia katika kujua mahali pa kutopaka.

3.0 Chanzo cha Utata

Kiunganifu *-a* hubeba mahusiano mengi. *Rangi ya chungwa* ni ya mfanano, *rangi ya mlango* ni ya kitu kinachopakwa, na *rangi ya mafuta* ni ya kiyeyusho. Umbo ni moja. Inatarajiwa basi kwamba upatanisho wa kisarufi utasaidia kubainisha maana, na mara nyingine ndivyo ilivyo:

(4) rangi ya maji nyekundu
(5) rangi ya maji mekundu

Katika (4), kivumishi kinapatana na *rangi* (ngeli ya 9), inazungumziwa dutu. Katika (5), kinapatana na *maji* (ngeli ya 6). Unazungumziwa mto uliobeba udongo. Upambanuzi huu unawezekana kwa sababu *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu* ni vivumishi halisi vinavyopokea viambishi. Si ajabu kwamba ni vitatu hivyo. Berlin na Kay (1969), waliokijumuisha Kiswahili katika lugha 20 walizozichunguza, walidai kwamba nyeupe na nyeusi hutangulia katika mfuatano wa majina ya msingi ya rangi, na nyekundu hufuata.

Rangi nyingine nyingi za Kiswahili hutajwa kwa majina yanayotanguliwa na kiunganifu. Hapo ndipo tatizo linapojitokeza:

(6) rangi ya maji ya kijivu

Kiunganifu cha ngeli ya 9 ni *ya*, na cha ngeli ya 6 ni *ya* vilevile. Haiwezekani kujua kama kilicho cha kijivu ni dutu au ni mto. Bahati mbaya, mandhari za mito kama ile ya Girtin hazielezwi kwa nyeupe, nyeusi na nyekundu peke yake. Kijivu, samawati na kahawia huhitajika pia. Utata unakuwa mkubwa zaidi palepale maelezo yanapohitaji umakini zaidi.

4.0 Nyenzo ya Kuondoa Utata

Wingi wa nomino *rangi* huurejesha upambanuzi uliopotea:

(7) rangi za maji za kijivu
(8) rangi za maji ya kijivu

Katika (7), kijivu ni cha dutu. Katika (8), ni cha maji. Ngeli ya 10 ina kiunganifu *za*, ambacho hakigongani na *ya* ya ngeli ya 6. Ni kweli kwamba *rangi za maji*, ikisimama peke yake, bado yaweza kumaanisha rangi zinazoonekana mtoni. Utata huo uliosalia huondolewa kwa kitenzi na kihusishi *kwa*. Lebo isemayo "Mto, rangi ya maji, 1800" ina mashaka, lakini "Picha ya mto iliyochorwa kwa rangi za maji, 1800" haina.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba *rangi ya maji* ni kirai chenye maana tatu, na kwamba chanzo kikuu cha utata wake katika maelezo ya picha ni kufanana kwa kiunganifu cha ngeli ya 9 na cha ngeli ya 6. Inapendekezwa kwamba watunzi wa vitabu vya sanaa na wafasiri wa lebo za makumbusho watumie *rangi za maji* kwa dutu ya mchoraji, na wabakize *rangi ya maji* kwa mto na kwa ukuta. Kukopa neno la kigeni kungeondoa utata huu mmoja, lakini kungemnyima mwanafunzi wa Handeni au Korogwe fursa ya kuiingia picha ya Thames kwa maneno anayoyatumia kila siku kuuzungumzia mto Pangani. Kabla istilahi ya Kiswahili haijahukumiwa kuwa pungufu, yafaa kwanza sarufi yake iulizwe.