Jando na Imani ya Wakristo

Mtu akibatizwa, je, aacha mizimu tu, ama aacha na ukoo wake? Swali hili liliwakabili Wakristo wa Masasi na Newala tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika Masasi pamoja na watumwa waliokombolewa, kutoka Unguja, akaanzisha misheni ya Kianglikana.

Wenyeji hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Wayao walimwita Mulungu, Wamakua Muluku, Wamakonde Nnungu. Lakini katika shida za kila siku waliwaendea wahenga wao, wakitoa sadaka ya unga chini ya mti. Jando nalo lilifanywa mbele ya wahenga hao. Kijana ambaye hakuingia jandoni alihesabiwa mtoto, hata akiota ndevu.

Hapo wazazi Wakristo walibanwa. Baba akimpeleka mwanawe jandoni, mtoto alifundishwa nyimbo za aibu na dua kwa mizimu. Akimzuia, alimtenga na jamaa zake. Tena mahali pengi jando lilikuwa limekwisha kuwa mlango wa kuingilia Uislamu.

Mapadre wenyeji, Kolumba Msigala akiwa mmoja wao, pamoja na Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hawakulivunja jando, wala hawakulipokea kama lilivyo. Walilichuja. Tohara, kambi na mafundisho ya heshima vilibaki. Dua kwa mizimu na matusi viliondolewa, na sala za Kikristo zikashika mahali pake. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, maana ulikuwa siri ya akina mama, na padre hakuwa na njia ya kuingia humo.

Sisi Wakatoliki tusidhani kwamba jambo hili ni la jirani tu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia, ulikubali kwamba katika nchi za misheni yale mambo ya jando na unyago yawezayo kupatana na ibada ya Kikristo yaweza kupokewa.

Basi wazazi, kila desturi iliyomo nyumbani mwetu tuipime: Yamwomba nani? Yamfundisha mtoto nini? Yamtendea nini mnyonge? Kuikataa pasipo kuipima ni kumwacha mtoto aifuate kwa siri. Kuikubali pasipo kuipima ni kumpa mabwana wawili.