Somo: Franga Yetu Izunguke Kwetu Kwanza

Ndugu wanachama wa koperative za Masisi na Walikale,

Katika somo hili tunauliza swali moja: franga ikishatoka mfukoni mwako, inaenda wapi? Jibu lake linagusa bei ya mazao yako wewe mwenyewe.

1. Kila upande uko na kitu ambacho mwenzake hana

Masisi, kule juu kwenye baridi, inatoa maharagi, viazi, kabichi, maziwa na fromaji iliyowahi kufika mpaka Kinshasa. Walikale, kwenye joto na pori, inatoa mafuta ya mawese, mchele, ndizi na kalanga. Lakini ingia katika duka: mafuta yametoka Asia, mchele pia. Kule Walikale, machimbo ya Bisie yalipopata nguvu miaka ya 2000, ndege zilileta bidhaa kutoka Goma, zikatua kwenye lami ya Kilambo, zikarudi na mawe ya kasiterite. Vijana wengi waliacha mashamba. Madini yalitoka, na franga za chakula zikatoka pia.

2. Hesabu ya mfano

Tuseme mama wa Masisi ananunua mafuta ya franga 10.000.

Akinunua ya ng'ambo: mwenye duka anabaki na faida kidogo, mwenye gari analipwa, forodha inachukua yake. Sehemu kubwa inamwendea aliyetengeneza mafuta kule mbali. Huyo hatakuja kununua maharagi yako hata siku moja.

Akinunua mawese ya Walikale: anayekata ngazi analipwa, wamama wanaokamua wanalipwa, mwenye pikipiki analipwa. Tuseme hao wote pamoja wanatumia franga 5.000 kununua maharagi ya Masisi. Na mwenye maharagi anatoa 2.500 kwa maziwa ya jirani. Zile franga 10.000 zimekwisha kufanya kazi ya 17.500, na hazijatoka kwetu.

Tena, njia ya Goma ikifungwa kwa mapigano, jambo tunalolijua sote, vitu vya duka vinapanda bei au vinakosekana. Aliyezoea kununuliana na jirani bado ana mahali pa kuanzia.

3. Siyo kila kitu

Chumvi, dawa na jembe tutaendelea kununua nje. Ndiyo sababu tusimalize pesa kwa vile tunavyoweza kutoa sisi wenyewe. Hata sabuni inatengenezwa kwa mawese.

4. "Cha kwetu ni ghali, na kina mawe"

Wanaosema hivyo wako na haki. Mnunuzi hanunui kwa huruma. PAM ilipoanza mpango wa P4P mwaka 2008, na Congo ikiwemo, ilinunua kwa vyama vya wakulima. Lakini nafaka ilipaswa kuwa kavu, safi, na ya kupimwa kwa kilo. Basi tufanye mambo mawili.

Kwanza, ukavu. Weka mahindi au maharagi katika chupa kavu ya kioo, yafike theluthi moja. Ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri. Tikisa dakika moja, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, bado kuna maji: rudisha juani. Isiposhika, unaweza kuweka ndani ya gunia.

Pili, usafiri. Barabara mbovu na bariere vinakula faida yetu. Gari lililopeleka maharagi Walikale lisirudi tupu; lirudi na bidoni za mawese, na koperative mbili zigawane malipo ya njia. Komite ziongee mapema: bidoni ngapi, magunia mangapi, siku gani, bei gani. Na ziandike.

5. Kazi ya kikundi

Kwa wiki mbili, kila nyumba iandike vitu ilivyonunua, katika mistari miwili: "vya kwetu" na "vya nje". Wasiojua kuandika wasaidiwe na watoto wa masomo. Mkikutana, jumlisheni, kisha mjibu:

– Ni kitu gani cha nje kinakula franga nyingi zaidi?
– Nani karibu yetu anakitoa, au angeweza kukitoa?
– Anakosa nini ili tumnunulie: ubora, kipimo, au usafiri?

Chagueni kitu kimoja tu, mkijaribu msimu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.