Nafasi 24 za Afcon na Chalenji Iliyoachwa Njiani

Barua zimetoka Maua hadi Kiritiri, na nyingi zinazunguka jambo moja: Afcon ikizidi kupanuka, mashindano madogo yatabaki na nini? Nimechagua zilizonikera na zilizonitia wasiwasi.

Kocha, Afcon ina timu 24 siku hizi. Si Kenya itakuwa ikifuzu bila jasho? Mbona tusiachane na Chalenji, kombe la nchi za Cecafa (Afrika Mashariki na Kati)? (Barua kadhaa, Nkubu, Runyenjes na Embu mjini)

Hapana, na naomba jibu hili lisomwe polepole, kwa maana uvumi huu umeenea hadi kwa watu wanaosimamia klabu.

Kenya ilicheza Afcon ya 1988 kule Morocco na ya 1990 kule Algeria. Zote mbili zilikuwa na timu 8 tu. Mwaka 1992 nchini Senegal nafasi zikawa 12, tukaenda tena. Mara tatu mfululizo, mlango ukiwa mwembamba hivyo! Mwaka 1996 nafasi zikafika 16, na katika miaka yote ya timu 16 tulionekana mara moja pekee, Tunisia 2004. Zikafika 24 mwaka 2019, tukaenda Misri. Halafu? Safari ya Afcon ya 2021, Comoro walifuzu kutoka kundi letu, sisi tukabaki nyumbani. Ya 2023 hatukujaribu hata kidogo, kwa kuwa FIFA ilitufungia Februari 2022. Ya 2025, Cameroon na Zimbabwe walitupita. Ya 2027 tunaingia kwa uenyeji, pamoja na Uganda na Tanzania.

Nafasi zikiongezwa, zinaongezwa kwa kila nchi. Mauritania nao wanazitaka, na walijiandaa.

Sasa tujiulize kikosi cha 1988 kilipikwa wapi. Kenya ilitwaa Kombe la Chalenji 1981, 1982 na 1983. Mwaka 1987 Gor Mahia ikachukua Kombe la Washindi barani Afrika, na mwaka huohuo timu ya taifa ikafika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi. Mchezaji wa enzi hizo alikutana na Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi karibu kila mwaka, katika mechi zenye presha ya kweli. Alipofika kwenye mechi za kufuzu, alikuwa ameshazoea. Leo tunamwita kijana siku chache kabla ya mechi ya kufuzu, kisha tunashangaa anapotetemeka. Tukiutupa uwanja uliotukomaza, tutabaki kuhesabu nafasi.

Kama hata wa tatu anapita, mechi za makundi zina maana gani? (Msomaji, Meru)

Zina maana, ila imepungua. Makundi ni sita, mechi ni 36, na kazi yake yote ni kuondoa timu 8. Mwaka 2019 tuliifunga Tanzania 3-2, tukapata pointi 3, tukaondolewa kwa sababu Algeria na Senegal walikuwa wametupiga jumla ya mabao matano bila jibu. Mwaka 2025 Tanzania haikushinda hata mechi moja. Ilipata pointi 2 za sare na Uganda na Tunisia, ikaingia raundi ya 16. Basi bao la kufutia machozi dakika ya 89 lina thamani. Anayelegea akishafungwa mawili hajaielewa ratiba.

Ni kweli Afcon itakuwa ya kila miaka minne?

Ndiyo, baada ya ile ya 2028. Caf ilitangaza Disemba 2025.

Chalenji ikifa, nani ataumia? (Mwalimu wa michezo, Siakago)

Zanzibar kwanza. Wao hawachezi Afcon kwa jina lao. Machi 2017 Caf iliwapokea kuwa wanachama kamili, na Julai mwaka huohuo ikawavua. Disemba hiyo walikuja Kenya kwenye Chalenji, wakaifunga Tanzania Bara, wakaitoa Uganda kwenye nusu fainali, wakatufikisha hadi penalti katika fainali pale Machakos. Tulishinda, lakini anayekumbuka vijana wale hawezi kusema kombe lile ni dogo. Kwa timu ya wakubwa ya Zanzibar, majukwaa mengine ni machache.

Mizizi ya Kombe la Chalenji ni Kombe la Gossage la 1926, miaka 31 kabla Afcon haijazaliwa. Mwaka 2019 Uganda ililichukua Kampala. Mwaka 2021, kule Bahir Dar, Ethiopia, likachezwa na vijana wa chini ya miaka 23, kisha miaka ikapita bila mechi. Afcon haikuliua. Ratiba ilibanwa, kweli, lakini hakuna aliyeligombania tarehe.

Mwanangu anasoma Marekani. Anasema football yao ya vyuo, ile ya Kimarekani, ina tatizo hilihili la kupanua shindano kubwa.

Yuko sahihi. Mchujo wa kutafuta bingwa ulitoka timu 4 hadi 12 kuanzia msimu wa 2024. Mechi kongwe za mwisho wa msimu kama Rose Bowl zikaingizwa humo, nyingine zikabaki pembeni, na nyota wengi huzikwepa wasije wakaumia. Disemba 2025 chuo cha Notre Dame kilipoachwa nje ya 12, kilikataa kucheza mechi yoyote ya mwisho wa mwaka. Shindano likianza kuonekana la walioshindwa, walioshindwa ndio wa kwanza kulidharau.

Ajenti anasema nafasi zimeongezeka, nilipe ada ya majaribio ya kijana wangu wa miaka 16 ng'ambo. (Wazazi, Maua, Mikinduri na Manyatta)

Usitoe hata shilingi. Nimeunganisha barua zenu kwa kuwa maneno ya tapeli ni yaleyale. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, na kulipa ada hakumo. Tangu Oktoba 2023 ajenti lazima awe na leseni ya FIFA, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Mzazi mmoja alinionyesha "barua ya mwaliko" yenye nembo ya klabu iliyofifia na, chini yake, nambari ya simu ya kutumia pesa. Klabu inayomtaka mchezaji haimlipishi mama muuza ndizi. Nendeni polisi.

Uwanja wa Kinoru, Meru, utatufaidi lini?

Waulizeni waliouahidi kwa Chan ya 2018 (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani), ambayo Caf ilitunyang'anya Septemba 2017 kwa kuchelewa kuandaa viwanja.

Vikombe vyetu vya Disemba, vya MCA na vya mbunge, vifutwe vijana wabaki na ligi ya kaunti tu? (Katibu wa klabu, Embu)

Visifutwe, virekebishwe. Disemba karibu na Runyenjes nilimwona winga akicheza fainali asubuhi na nyingine saa tisa, kifundo amekifunga kwa kipande cha gunia, kwa sababu waandaaji wawili hawakutaka kuongea. Kaeni chini Oktoba na tawi la kaunti mgawane wikendi. Timu moja, mechi moja kwa siku. Refa alipwe kabla ya filimbi ya kwanza, na mchezaji aje na cheti cha kuzaliwa. Na pesa za jezi za mshindi, kateni kidogo mnunue bandeji na barafu.