Rekodi ya Jinai Nchini Marekani: Kukamatwa, Kutiwa Hatiani na Kumbukumbu Inayobaki

Rekodi ya jinai ni kumbukumbu rasmi ya hatua zilizochukuliwa dhidi ya mtu anayetuhumiwa kutenda kosa, tangu alipokamatwa na kuchukuliwa alama za vidole hadi uamuzi wa mwisho wa mahakama. Msomaji aliyezoea cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi wa Kenya au Tanzania hudhani kwamba Marekani nako ipo ofisi moja yenye jibu moja, ilhali kumbukumbu za mtu mmoja huko huweza kukaa katika kituo cha polisi cha mji, mahakama ya kaunti, idara ya jimbo na shirika la upelelezi la FBI, na zisifanane.

FBI ilifungua idara yake ya utambuzi mwaka 1924, ikaanza na zaidi ya kadi 800,000 za alama za vidole zilizotoka katika gereza la Leavenworth na kwa chama cha wakuu wa polisi. Hadi leo alama za vidole ndizo msingi wa kumbukumbu hizo, na hapo ndipo palipo chimbuko la madhara mengi, kwa kuwa polisi huandika habari za kukamatwa papo hapo, wakati matokeo ya kesi hutoka katika ofisi nyingine ambayo huenda isiyatume kabisa. Mwendesha mashtaka anaweza kuwa alikataa kumshtaki mtu huyo, au hakimu akaifuta kesi, au jopo la raia waliosikiliza ushahidi likamwona hana hatia, na bado karatasi ikaonyesha tuhuma pekee. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilikiri kwamba takriban nusu tu ya kumbukumbu za kukamatwa katika mfumo wa kitaifa ndizo zilizokuwa na matokeo ya mwisho. Mtu asiye na hatia hana sababu ya haki ya kukosa kazi kwa sababu ya karani ambaye hakutuma fomu, lakini jambo hilo hutokea.

Kwa hiyo ni lazima istilahi zitenganishwe. Kukamatwa ni kitendo cha polisi. Kushtakiwa ni uamuzi wa mwendesha mashtaka. Kutiwa hatiani ni tamko la mahakama, ambalo hufuata ama ushahidi ama mshtakiwa mwenyewe kukiri. Makosa nayo hugawanywa, kwa kawaida, kati ya makosa madogo, ambayo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja, na makosa makubwa yanayozidi hapo, ingawa majimbo hutofautiana katika kuyapanga.

Sehemu kubwa ya kesi za jinai Marekani haifiki kwenye kusikilizwa kwa ushahidi, bali humalizwa kwa makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa hukubali hatia ili apunguziwe shtaka au adhabu. Makubaliano hayo humvutia mtu aliye mahabusu mwenye watoto nyumbani, hasa anapoambiwa kwamba atatoka siku hiyohiyo kwa adhabu ya uangalizi, ambayo hutumikiwa nje ya gereza. Kwa mhamiaji, hata mwenye ukaazi wa kudumu, saini hiyo inaweza kuwa mwanzo wa kufukuzwa nchini. Mwaka 2010, katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Padilla alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam katika jeshi la Marekani. Asiyeweza kumlipa wakili katika kesi ya jinai inayoweza kumpeleka gerezani hupewa mmoja kwa gharama ya serikali, haki iliyoimarishwa na uamuzi wa mahakama hiyohiyo ya juu katika shauri la Gideon la mwaka 1963, lakini mahakama ya uhamiaji haimpi wakili wa namna hiyo, na ndiyo maana swali la uhamiaji halina budi kuulizwa kabla ya kukiri.

Majimbo mengi huruhusu rekodi kufutwa, yaani kuondolewa, au kufungwa, yaani kubaki lakini isionekane na umma. Pennsylvania ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kwanza ya kufunga baadhi ya rekodi bila mhusika kuomba, na majimbo mengine yakafuata. Nafuu hiyo ni ya kweli kwa anayetafuta kazi au nyumba ya kupanga. Hata hivyo, kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, aliyekiri kosa na kuwekewa adhabu au sharti lolote na hakimu huhesabiwa ametiwa hatiani hata kama jimbo lilifuta kesi baadaye kwa sababu alitimiza masharti. Hali huwa tofauti pale hukumu inapobatilishwa kwa kasoro ya kisheria. Fomu ya kuomba uraia nayo huuliza kuhusu kukamatwa kote, pamoja na kule kulikofutwa, na kuficha kunaweza kuharibu ombi.

Waajiri hununua taarifa hizi kutoka kampuni binafsi, ambazo sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 huzizuia, kwa kazi nyingi, kutaja kukamatwa kusikozaa hatia baada ya miaka 7, ingawa sheria hiyo haiwekei hukumu kikomo cha muda. Mwajiri anayekusudia kumkataa mwombaji kwa sababu ya taarifa hiyo sharti ampe kwanza nakala yake, ili apate nafasi ya kupinga makosa.

Mtu yeyote anaweza pia kuiomba FBI rekodi yake kwa kutuma alama za vidole na ada ya dola 18, na akikuta kasoro akadai isahihishwe. Uthibitisho wenye nguvu katika madai hayo ni nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama, ambayo hupatikana kwa karani wa mahakama iliyoamua kesi, na ni vyema kuiomba mapema, kwa kuwa baadhi ya mahakama huteketeza majalada ya zamani na rekodi ya polisi ikabaki peke yake.